Tahariri: Neno "Gaidi", Neno "Udini" na Amana ya Ndimi Zetu

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahali zake, sahaba zake na wote wanaofuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, zamani kidogo, aliyetoka msikitini asubuhi na kupita katikati ya jiji letu la Mwanza aliwakuta watu wamesimama mbele ya meza ya muuza magazeti. Walisoma vichwa vya habari vilivyotandazwa, hawakununua hata nakala moja, kisha wakaondoka na hukumu kamili vinywani mwao. Leo meza ile imehamia katika simu. Vichwa vya habari vimekuwa vikali zaidi, na tabia yetu haikubadilika: tunasoma kichwa tunaiacha habari, tunapokea jina tunaiacha hoja. Kisha jina lile tunaingia nalo msikitini.

Katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya maneno mawili ambayo siasa za vyama na vyombo vya habari vya nchi yetu vimeyatumia sana, nayo ni "gaidi" na "udini". Hatuzungumzi ili kumwelekeza yeyote ampigie kura nani, kwani jarida hili halina chama. Tunazungumza kwa sababu maneno haya yametupitia sisi Waislamu na yametuumiza, na pamoja na hayo tumekuwa wepesi wa kuyabeba pale yanapowaangukia wengine.

Tuanze na la kwanza. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walifikishwa mahakamani jijini Dar es Salaam mwaka 2014 kwa mashtaka ya ugaidi, wakakaa mahabusu miaka kadhaa. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi dhidi ya viongozi wao, nao wakarudi kwa ahali zao bila mahakama yoyote kuwatia hatiani kwa ugaidi. Katika miaka yote hiyo sisi tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Tulisema kwamba mtuhumiwa si mkosaji, kwamba gazeti si mahakama, na kwamba neno zito kama hilo halipasi kutupwa juu ya mtu kabla hakimu hajasema.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 2021, Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa hapa hapa Mwanza, alikokuja kwa ajili ya kongamano la Katiba mpya. Akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi. Februari 2022 Mahakama Kuu ilisema ana kesi ya kujibu, na tarehe 4 Machi 2022, kabla hajajitetea, Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi hiyo naye akatoka. Neno lilikuwa lile lile, na mwisho ukawa ule ule. Je, sisi nasi tulikuwa wale wale? Tuwe wakweli mbele ya Allah. Katika barza zetu walikuwapo waliosema, "Lisemwalo lipo," methali ambayo hawakuitumia kwa masheikh. Walikuwapo pia waliofurahi kwamba zamu imefika kwa wengine.

Allah, katika aya ya 8 ya Suratul Maidah, ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani, na ametueleza kwamba uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Aya hii haikuwekewa mpaka wa dini wala wa chama. Kipimo tulichokitaka kwa masheikh wetu ndicho tunachowiwa na kila mtuhumiwa. Awe mwenyekiti wa chama tusichokipenda, awe mchungaji, awe waziri, haki yake ya kutohukumiwa kwa kichwa cha habari iko shingoni mwetu.

Tuitazame pia amri ya kuthibitisha, ambayo wengi wetu tumeihifadhi lakini wachache tunaifanyia kazi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inawaamrisha waumini wanapoletewa habari na fasiki waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakabaki kujutia walichokitenda. Wafasiri wengi wamesimulia kwamba iliteremka kuhusu Walid bin Uqba, aliyetumwa na Mtume (s.a.w) kwenda kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Watu wale waliposikia kwamba mjumbe anakuja walitoka kwa wingi kumlaki. Yeye alipoliona kundi, na baina yake na wao kulikuwa na uadui wa zama za ujahiliya, aliogopa, akarudi njiani na kueleza kwamba wamekataa zaka na wametaka kumuua. Ilibakia kidogo watu wale wapigwe vita. Wanachuoni wana maneno yao juu ya mapokezi haya na juu ya mtu huyo, nasi hatuingii huko. Tunachukua funzo lake.

Funzo lenyewe ni hili: kundi la watu lilikuwapo kweli, na mleta habari aliliona kwa macho yake. Kilichoharibika ni tafsiri aliyoivisha ile picha kutokana na hofu na uadui wa zamani. Ndivyo habari nyingi za siasa zinavyotufikia. Kundi la watu uwanjani laweza kuitwa "umati wa wapenda mabadiliko" na gazeti moja, na "kundi la wahuni" na jingine, na msomaji asijue hata mara moja watu wale walikwenda kudai nini. Tarehe 21 Januari 2023 Chadema kilifungua mikutano yake ya hadhara hapa kwetu, katika viwanja vya Furahisha, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuondoa tarehe 3 mwezi huo katazo la mikutano lililodumu tangu 2016. Tuliwauliza baadhi ya jamaa waliofuatilia habari za siku ile wanakumbuka nini. Karibu wote walitutajia wingi wa watu. Yaliyosemwa jukwaani, ya kukubaliwa na ya kukataliwa, yalikuwa yamekwisha kuwatoka.

Wema waliotutangulia waliipatia dawa maradhi haya. Muhammad bin Sirin, tabiina wa Basra, ameeleza kwamba watu mwanzoni hawakuwa wakiuliza juu ya isnadi. Ilipotokea fitna ndipo wakaanza kutaka watajiwe wapokezi. Tuzingatie jambo hili. Fitna ile ilikuwa ya makundi na madaraka, na hapo ndipo umma ulipojifunza kuuliza: nani amekuambia, yeye aliipata kwa nani, na ana maslahi gani katika jambo hili? Umma uliojifunza kuuliza hivyo juu ya maneno ya Mtume wake hauna udhuru wa kuacha kuuliza juu ya maneno ya mhariri.

Vyombo vya habari vya nchi yetu navyo vina isnadi. Uhuru ni gazeti la CCM. HabariLeo na Daily News ni ya Serikali. Tanzania Daima lilikuwa la kampuni ya familia ya Mbowe. Radio Free Africa na Star TV zilianzishwa hapa Mwanza na Anthony Diallo, ambaye amekuwa Mbunge wa CCM wa Ilemela, waziri, na mwenyekiti wa chama hicho wa mkoa. Mwananchi ni la kampuni ya Nation ya Kenya. Hatusemi kwamba kila kinachotoka humo ni uongo, wala hatumtuhumu mmiliki yeyote kwa kosa. Tunasema kwamba msomaji mwenye akili huijua njia iliyoileta habari kabla ya kuinywa. Vyombo vyetu vya Kiislamu navyo havikusamehewa katika hili. Februari 2013, wakati mgogoro wa nani achinje ulipoitikisa Kanda ya Ziwa na mchungaji mmoja akauawa Buseresere, mkoani Geita, Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia redio mbili kwa miezi sita kwa tuhuma za uchochezi: Redio Kwa Neema ya hapa Mwanza, ambayo ni ya Wakristo, na Redio Imaan ya Morogoro, ambayo ni ya Waislamu. Wengi wetu tulisikitikia moja na kushangilia nyingine.

Sasa tuje katika neno la pili, yaani udini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza kusajili chama ambacho katiba yake au sera zake zinalenga kuendeleza maslahi ya dini au kabila fulani. Basi mtu anapoandika kwamba chama fulani ni cha dini fulani, hasemi jambo dogo la kupitisha muda. Anakituhumu chama hicho kwa kosa la kisheria, na mwenye kutuhumu ndiye anayewiwa ushahidi. Hata hivyo, tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995 tuhuma hii imetolewa bila ushahidi, na imehama kutoka chama hadi chama kwa kadiri ya nguvu zake. CUF iliitwa chama cha Waislamu, ilhali mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa James Mapalala. CUF ilipopungua nguvu upande wa Bara, na Chadema kikapanda, jina likageuzwa. Mwaka 2010 mgombea wake wa urais alikuwa Dakta Willibrod Slaa, aliyepata kuwa padri, na mara chama kikaitwa cha Kanisa, ilhali naibu katibu mkuu wake alikuwa Zitto Kabwe, Muislamu wa Kigoma.

Tuliokuwapo Mwanza mwaka ule tunajua kwamba majimbo ya Nyamagana na Ilemela yote mawili yalichukuliwa na Chadema. Anayesema kwamba hiyo ilikuwa kura ya Kanisa na aeleze pia madai ya wafanyabiashara wadogo wa Makoroboi waliokuwa wakisukumana na askari wa jiji, na wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni waliokuwa wakilalamikia ushuru. Dini yao ilikuwa tofauti, kero yao ilikuwa moja. Neno "udini" huiondoa kero hiyo mezani, kwa sababu likishatamkwa hakuna tena anayeuliza habari ya ushuru.

Pengine mtasema, ndugu zetu, kwamba neno hili hutumiwa dhidi yetu peke yetu. Tukumbuke mwaka 2023. Tarehe 10 Juni mwaka ule Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya bandari, na tarehe 18 Agosti Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuyapinga. Maswali yaliyokuwapo yalikuwa ya watu wote: mkataba una ukomo wa muda gani, nchi itajitoaje ikiona hasara, migogoro itaamuliwa wapi. Lakini kwa kuwa Rais ni Muislamu wa Zanzibar, na mwekezaji anatoka nchi ya Kiarabu, na wapingaji wakubwa ni maaskofu, mjadala ukageuzwa kuwa wa dini. Wapo Waislamu waliouunga mkono mkataba ule bila kusoma hata ibara moja, kwa hoja kwamba anayeupinga anaupinga Uislamu. Wapo na Wakristo walioupinga kwa namna hiyo hiyo. Safari ile jina lilionekana kutupendelea, nasi tukalikubali. Jina la uongo halibadiliki kuwa la kweli kwa sababu limetufaa. Muislamu alikuwa na haki ya kuuunga mkono mkataba ule na alikuwa na haki ya kuupinga, kwa hoja. Hakuwa na haki ya kuifanya dini ya Allah kuwa ngao ya ibara asizozisoma.

Tazameni tunachokipoteza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watu 228 wakafa. Maji yale hayakumuuliza mtu anaswali wapi. Chama chochote kinachokuja kuomba kura katika visiwa vyetu kinapaswa kuulizwa juu ya vivuko, juu ya ukaguzi wake, juu ya zahanati ya kisiwani na bei ya nyavu. Tunapokubali kuzungumzia dini ya mgombea badala ya kivuko, tunaisamehe Serikali na wapinzani kwa pamoja.

Hata hivyo, liko kosa jingine linalofanana na la kwanza, na linahitaji tahadhari. Wapo wanaoifanya amri ya kuthibitisha kuwa udhuru wa kunyamaza. Wakiona dhulma kwa macho yao husema, "Tusubiri uthibitisho." Huku siko kuthibitisha. Aya ya 283 ya Suratul Baqarah inakataza kuuficha ushahidi, na inaeleza kwamba moyo wa mwenye kuuficha umeingia dhambini. Aliyesikia na athibitishe; aliyeona na ashuhudie.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulitupitisha katika mtihani huo. Siku ile yalizuka maandamano, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, watu wakauawa, na idadi yao ikabaki inabishaniwa. Novemba mwaka huo Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Katika siku zile aliyefungua redio alisikia kidogo, na aliyefungua simu baada ya mtandao kurudi alikuta vipande vya video vya kweli na vya uongo vimechanganyika. Yaliyotokea yana mizizi. Nchi iliyosimamisha matangazo ya moja kwa moja ya Bunge mwaka 2016, ikalifungia MwanaHalisi mwaka 2012, ikayafungia kwa muda Mwananchi na Mtanzania mwaka 2013, ikalifutia leseni Tanzania Daima mwaka 2020, ndipo Februari 2022 ikaamua kuyaruhusu tena yaliyofungiwa, nchi hiyo imewafundisha watu wake kwa miaka mingi kwamba ukweli unapatikana kwa kunong'onezana. Mwenye kuziba kisima asiwalaumu watu kwa kunywa maji ya dimbwi.

Na hapo pia, kabla makaburi hayajakauka, neno "udini" likarejea. Wakasema wengine kwamba waliouawa ni wa upande fulani, na wengine kwamba wenye kulia wanamchukia Rais kwa kuwa ni Muislamu. Sisi tunasema: nafsi iliyouliwa bila ya haki imeuliwa, na mama aliyempoteza mwanawe apewe pole kabla ya kuulizwa dini yake. Anayejua jambo na aliseme mahali panapostahiki, na asiyejua asijaze pengo kwa dhana.

Tumalizie nyumbani. Mzee mmoja, aliyewafundisha watoto wetu Juzuu Amma kwa miaka mingi, alipigwa picha akiwa kando ya jukwaa la mkutano wa chama kimoja. Alikuwa amekwenda kumtafuta mjukuu wake aliyefuata ngoma. Picha ile ikasambazwa katika makundi ya simu ya waumini ikiwa na maneno kwamba mzee amenunuliwa. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Wazazi kadhaa wakawaondoa watoto wao chuoni kwake, naye akaacha kuja kuswali msikiti ule. Habari ile haikuandikwa na gazeti lolote. Aliyeitunga ni Muislamu, walioisambaza ni Waislamu, na aliyedhulumiwa ni Muislamu. Na sisi tunaoandika kurasa hizi tulikuwamo katika moja ya makundi hayo. Hatukuisambaza, lakini tuliisoma tukanyamaza. Allah, katika Suratun Nur, aliwalaumu waumini waliosikia uzushi juu ya Mama wa Waumini wasiseme palepale kwamba huo ni uzushi ulio wazi. Lawama ile inatuhusu.

Kwa hiyo tunajiusia sisi wenyewe kabla yenu mambo manne. Kwanza, habari ya chama au mwanasiasa isipite mikononi mwetu kwenda kwa mwingine mpaka tuijue imetoka kwa nani, na tuwe tumeisoma yote. Pili, jambo kubwa la nchi tulisome katika vyombo viwili visivyo vya mmiliki mmoja, na inapowezekana tuyasome maneno ya mwenye kusema mwenyewe, ilani yake au hotuba yake. Tatu, mimbari isiwe jukwaa la chama, wala isiwe bubu mbele ya dhulma. Khatibu aseme haki bila ya kumpa mtu jina ambalo hawezi kulithibitisha. Nne, aliyemdhulumu nduguye kwa ulimi au kwa simu amwendee akamtake radhi, kisha aisahihishe habari ile katika kundi lile lile alimoisambaza.

Sisi tumeanza na la nne. Tulikwenda kwa mzee yule tukamtaka radhi kwa kunyamaza kwetu. Alitukaribisha, akatuambia ametusamehe, kisha akatuuliza swali moja: "Na wale watoto, nani atawarudisha?" Hatukuwa na jibu. Wazazi watakaosoma tahariri hii wanalo.

Tunamuomba Allah azisafishe ndimi zetu na dhulma, atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na aijaalie nchi yetu amani iliyojengwa juu ya uadilifu. Wabillahi tawfiq.